Je, Asiyekumbuka Apewe Chakula cha Bwana?

Swali hili sikulitunga mezani. Lilinijia kanisani, Jumapili moja ya Kwaresima, mama yangu alipokuwa na miaka 79. Tulikaa benchi la tatu upande wa akina mama, mahali pake pa miaka yote. Zamu yetu ilipofika akasimama, akaenda madhabahuni, akapokea mkate na divai kama wengine, tukarudi kukaa. Benchi la nyuma yetu liliposimama, mama naye akasimama tena. Nilimshika khanga kumzuia. Akautoa mkono wangu kwa nguvu, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa wanakwaya, "Niache, mimi sijapata!" Vijana wakacheka. Mama akaenda, na mchungaji, ambaye siku hiyo alikuwa mgeni kwetu, akampa tena.

Baada ya ibada mzee wa kanisa mmoja aliniita pembeni, chini ya mti tunapofanyia mnada wa mazao. Alisema kwa upole, na ni haki niliseme hilo, kwa kuwa alimheshimu mama na mama ndiye aliyemfundisha Shule ya Jumapili. "Mwalimu," aliniambia, "mama yetu tunampenda. Lakini Mtume anataka kila mtu ajichunguze kwanza. Mama hawezi tena kujichunguza. Hakumbuki hata kwamba amekula. Mnaonaje akipumzika kidogo?"

Nikasema sawa. Mama "akapumzika" miezi saba. Siku za Chakula cha Bwana nilimwacha nyumbani na msichana wa kazi, nikajiambia kwamba ninailinda heshima yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nailinda ya kwangu, maana ile "sijapata" iliniaibisha mbele ya watu niliowafundisha watoto wao.

Nilifundisha baiolojia sekondari kwa miaka 31. Kwa hiyo mzee yule aliposema, kichwani mwangu yalikuja mambo mawili kwa pamoja, la Mtume Paulo na la darasani, na yalikataa kukaa pamoja kwa amani. La darasani ni hili: kumbukumbu ni mwili. Haielei hewani. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo mbili, moja kila upande, iitwayo hipokampasi. Hiyo ndiyo inayosaidia kuandika yaliyotokea leo ili kesho uyakute. Ikiharibika, mtu anaweza kukusimulia harusi ya mwaka 1961 na asijue kama amekunywa chai. Kumbukumbu hujengwa kwa protini, na protini hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni tulizorithi kwa baba na mama. Wataalamu wamewalinganisha mapacha wanaofanana kabisa na wale wa kawaida, wakaona kwamba wale wa kwanza hukaribiana zaidi hata katika uwezo wa kukumbuka. Si malezi tu, wala si bidii tu.

Hapo nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili linatugusa hata wenye afya. Kila mwaka kwenye sikukuu ya Shule ya Jumapili tunawapa zawadi watoto waliokariri aya nyingi za moyo. Mtoto mmoja anataja aya thelathini bila kupepesa, tunapiga vigelegele na kusema amejaa Roho. Mwingine anakwama kwenye ya tatu, anainamisha kichwa. Darasani nami nilikuwa hivyo hivyo. Kuna kijana niliyemwita mvivu miaka minne mizima, na leo nikikumbuka sura yake nadhani alikuwa akisoma kuliko wote. Tulichokuwa tukikipongeza, kwa sehemu kubwa, ni kitu ambacho mtoto alikikuta tumboni mwa mama yake. Sisemi tuache zawadi. Nasema tusiziite kipimo cha imani.

Narudi kwa mama. Bibi yangu aliyemzaa naye aliishia hivyo. Nilikuwa mdogo, nakumbuka alivyokuwa akitoka usiku kwenda kukata majani ya ng'ombe aliyekwisha kufa zamani. Kwa hiyo habari za mama zilipoenea, ndugu yetu mmoja alikuja na jibu lake tayari. Alisema ni laana ya ukoo. Bibi, sasa mama, kisha mimi. Alitaka tuitishe maombi ya kuvunja minyororo, na kabla ya hapo tukae kama familia tutafute ni nani kati ya mababu aliyekosea.

Nitakuwa mkweli: hoja ile haikuniondoka mara moja. Mtu anaweza kufundisha Mendel na njegere zake miaka 31 na usiku bado akaogopa. Na ukiitazama kwa juu juu, jeni zinafanana sana na laana. Zinatoka kwa mababu, zinapita kwa wasio na hatia, na hujui zitamshika nani. Kutoka sura ya 20 inasema juu ya uovu wa baba kuwafikia watoto hadi kizazi cha tatu na cha nne. Je, sayansi imekuja tu kuipa laana jina jipya?

Kilichonisaidia ni habari za watu wa mbali sana, ambao ukoo wao umeteswa na kusahau kuliko ukoo wowote ninaoujua. Wako Kolombia, Amerika ya Kusini, katika vijiji vya milimani vya jimbo la Antioquia na katika mji wa Medellín. Katika ukoo huo watu huanza kusahau si wakiwa na miaka 80, bali wakiwa na 44 au 45, watoto wao bado shuleni. Kabla ya miaka 50 wengi hawajui tena njia ya kurudi nyumbani. Wenyewe waliuita ugonjwa huo la bobera, yaani ujinga, upumbavu. Wako waliosema ni uchawi, na wako waliosema ni laana. Unaona, ndugu yangu hakuwa peke yake.

Katika miaka ya 1980 daktari kijana wa ubongo, Francisco Lopera, alianza kuwafuatilia watu hao. Aliwahudumia takriban miaka arobaini, hadi alipofariki mwaka 2024. Yeye na wenzake walipanda milima wakiuliza familia moja moja: nani kwenu alisahau, na baba yake, na babu yake? Mdomo wa mtu una mwisho, kwa hiyo walienda pia parokiani, wakafungua vitabu vya zamani vya kanisa, vya ubatizo na vya ndoa, wakaunganisha jina kwa jina. Kazi hiyo ilinigusa sana. Watu waliokufa wakiwa wamesahau hata majina yao, majina yao yalikuwa salama katika daftari la kanisa, kwa mwandiko wa padri ambaye hakujua kwamba siku moja yatahitajika hivyo. Nimewahi kuwa karani wa usharika. Tangu niliposoma hayo siandiki tena jina la mtoto wa ubatizo kwa haraka.

Katika miaka ya 1990 chanzo kilipatikana. Katika kromosomu ya 14 kuna jeni iliyopewa jina PSEN1. Kwa watu wa ukoo ule, herufi moja tu ya jeni hiyo imebadilika, na kwa ajili hiyo protini inayotengenezwa ina kosa moja, nafasi ya 280. Kosa moja! Aliyelirithi kwa mzazi mmoja inatosha. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu. Watu wapatao 6,000 wa ukoo huo wamejulikana, na kama 1,200 kati yao wamelibeba kosa hilo.

Sasa mtafute mwenye dhambi katika hesabu hiyo. Yule wa kwanza ambaye herufi ilibadilika ndani yake, karne kadhaa zilizopita, hakujua. Herufi hubadilika mwilini kila seli inapojinakili. Wewe unayesoma na mimi ninayeandika tunazo zetu. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa walimuuliza Yesu ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, naye akakataa njia zote mbili. Yohana sura ya 9. Nabii Ezekieli katika sura yake ya 18 anaivunja ile methali ya zabibu kali kabisa, anakataa mtoto kubebeshwa uovu wa baba yake. Laana ina mtu wa kulaumiwa. Urithi wa mwili hauna. Nilimwambia ndugu yangu hivyo, na tukaomba kweli, lakini tuliomba kwa ajili ya mama, hatukumshtaki babu yeyote. Alikasirika kidogo. Baadaye akazoea.

Na urithi si hukumu iliyofungwa. Huko huko Kolombia alikuwepo mama mmoja aliyekuwa na lile kosa la PSEN1. Alipaswa kuanza kusahau kwenye miaka arobaini na kitu. Akafika hamsini, akafika sitini, bado anajua kila kitu. Kusahau kulimwanza alipokuwa na miaka sabini na kitu, na kwa wepesi. Watafiti walipomchunguza, habari zikatolewa mwaka 2019, walikuta ubongo wake umejaa ule uchafu wa protini unaoandamana na ugonjwa, lakini madhara yake yalikuwa machache. Alikuwa na badiliko jingine, nadra sana, katika jeni nyingine iitwayo APOE, na alilirithi kwa wazazi wote wawili. Badiliko hilo linaitwa Christchurch. Najua wahubiri wetu, mtu akisikia kwamba kilichomlinda kinaitwa Kanisa la Kristo atapata mahubiri ya mwezi mzima. Tafadhali, tusifanye hivyo. Ni jina la mji wa New Zealand ambako badiliko hilo lilitambuliwa mara ya kwanza.

Mama yangu hana ugonjwa wa ukoo ule. Wengi wa wazee wetu wanaosahau hawana kosa moja la namna hiyo; ni mchanganyiko wa umri, shinikizo la damu, kisukari, na jeni nyingi ndogo ndogo, kila moja ikisukuma kidogo. Inayosukuma zaidi ni hiyo hiyo APOE. Sisi sote tunayo. Aina zake kuu ni tatu, na wataalamu wanaziita ya 2, ya 3 na ya 4. Ulaya na Marekani, mwenye aina ya 4 yuko hatarini zaidi kupata ugonjwa wa Alzheimer uzeeni. Lakini watafiti walipowalinganisha wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na wazee Wamarekani weusi wa Indianapolis, waliona mambo mawili. Kwa mwaka, wazee wapya waliopata ugonjwa huo Ibadan walikuwa asilimia 1.15, na Indianapolis asilimia 2.52. Na nguvu ya ile aina ya 4 ilionekana dhaifu sana kule Ibadan. Chakula, magonjwa, maisha, sijui kipi zaidi. Lakini jeni ile ile haikuzungumza kwa sauti ile ile katika nyumba mbili tofauti. Ninapowasikia watu wakisema "ni damu, hakuna la kufanya", nawaambia habari za Ibadan.

Haya yote yaliniondolea hofu ya laana. Hayakulijibu swali la mzee wa kanisa. Yalilifanya gumu zaidi. Kama kukumbuka ni mwili, na mwili unaharibika kwa herufi moja, imani yetu imesimama juu ya nini? Tunasema "ninaamini", tunaungama, tunajichunguza, na karamu yenyewe tunaiita ukumbusho. Yote hayo yanamtaka mtu anayekumbuka. Mama asipokumbuka dhambi zake ataungamaje? Asipokumbuka kwamba kuna Mungu, bado ni Mkristo?

Nilianza kusoma upya barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, ile ile aliyonitajia mzee. Niliisoma kama ninavyosahihisha mtihani, nikitafuta kosa la Wakorintho lilikuwa nini hasa. Halikuwa kusahau. Wenye nafasi walitangulia kula wakashiba, wengine hata wakalewa, na maskini waliofika wamechoka walikuta hakuna kitu. Hawakuuona mwili wa Kristo katika yule ndugu mwenye njaa aliyekaa karibu nao. Kwa hiyo Paulo anawataka wajichunguze, na mwisho wa sura anawapa dawa: wangojane. Nilipofika hapo niliifunga Biblia. Katika usharika wetu, ni nani aliyemtangulia mwenzake mezani akamwacha na njaa? Si mama. Ni mimi, niliyemfungia nyumbani nikaenda kula.

Mzee alikuwa na hoja bado, na nilimpelekea mwenyewe ili aiseme. "Kwa nini basi," aliniuliza, "tunawafundisha watoto kipaimara kabla ya kuwakaribisha? Kujua kuna maana." Ni kweli kuna maana. Sitaki tuwe kanisa lisilofundisha. Lakini mtoto wa kipaimara tunamdai kwa sababu anazo akili zinazokua, na Mungu humdai mtu alichompa. Mama tunamdai alichonyang'anywa. Tena sisi Walutheri tunabatiza watoto wachanga. Mtoto wa wiki tatu hajui baba yake ni nani, na tunamwita mtoto wa Mungu pasipo kusita, kwa kuwa tunaamini ahadi hutangulia na ufahamu hufuata nyuma. Kama ahadi inaweza kutangulia ufahamu, itashindwaje kubaki ufahamu ukiondoka? Luther katika Katekisimo Ndogo hasemi anayestahili ni mwenye akili timamu. Anamtaja anayeliamini lile neno kwamba karamu hii imetolewa kwa ajili yake. Na mama, ukimwambia "kwa ajili yako", anakinga mikono.

Mikono hiyo si kitu kidogo. Kumbukumbu ziko za namna nyingi, na hazikai sehemu moja. Habari za jana zinafutika mapema. Mazoea ya mwili na nyimbo za utotoni hudumu sana, kwa sababu zimehifadhiwa kwingine. Mama hanijui jina, lakini ukianzisha wimbo wa Krismasi anashika sauti ya pili hadi beti la mwisho, na ukikosea anakukata jicho. Miaka sitini ya Jumapili imekaa ndani ya vidole vyake na kooni mwake. Kumbe ibada zile tulizolalamikia kwamba ni zile zile kila wiki zilikuwa zinaweka akiba mahali ambapo mwizi huchelewa kufika.

Huchelewa, sikusema hafiki. Itakuja siku mikono nayo itasahau, na hoja yangu ya mikono itaisha. Hapo nabaki na Isaya sura ya 49. Nabii anauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye. Zamani nilidhani jibu ni "haiwezekani". Soma tena. Anasema inawezekana, akina mama kweli wanaweza kusahau, ni Mungu ndiye hatasahau. Nabii hakutuficha. Mimi ni mtoto niliyenyonya kwake na kweli amenisahau, aliniuliza juzi kama mama yangu bado yu hai. Tumaini la mstari ule halikujengwa juu ya kumbukumbu ya mama. Wala ya kwangu. Na yule mhalifu msalabani, alipopata nafasi ya ombi moja, hakuahidi kumkumbuka Yesu. Aliomba akumbukwe.

Kuna jambo moja ambalo bado linanishinda, na nitalisema lilivyo. Mwaka 1998 mama na wifi yake, yaani shangazi yangu, waligombana juu ya mpaka wa kihamba. Usiku mmoja masale ya mpakani yaling'olewa. Kwetu Uchagani isale si ua la kawaida. Ndilo linaloonyesha mpaka, na ndilo unalompelekea mtu ukimwomba msamaha, naye akiombwa kwa isale haifai akatae. Kwa miaka zaidi ya ishirini shangazi hakupeleka isale, na mama hakumsalimia. Walikaa kanisa moja, wakapokea kikombe kimoja. Wakati huo hakuna mzee wa kanisa aliyewaambia wapumzike, ingawa wote wawili walikuwa na akili kamili.

Ugonjwa ulipoendelea, mama alikutana na shangazi njiani akamkumbatia, akamwita mwanangu, akamuuliza habari za nyumbani. Shangazi alishtuka. Wiki hiyo alikuja kwetu jioni, ameshika jani la isale amelifunga fundo, akapiga magoti mbele ya mama akasema yote: ni mimi niliyeng'oa, nisamehe. Mama alilipokea, akaligeuzageuza, akasema, "Jani zuri hili," akanituma nilete kikombe cha maji aliweke. Shangazi alilia kama mtoto. Aliniambia, "Nimechelewa. Nimesamehewa na mtu asiyejua kosa."

Wachungaji hutufariji kwa Yeremia sura ya 31, ambako Mungu anaahidi kutokuzikumbuka tena dhambi za watu wake. Lakini hilo si sawa na la mama. Mungu anaachilia akijua anachokiachilia. Mama hakuachilia, ugonjwa ulimpokonya lile kosa pamoja na mengine yote, ulipompokonya na majina ya wajukuu. Sitauita ugonjwa ule neema, hata kama siku ile ulifanana nayo. Ila naona kwamba shangazi alihitaji mtu anayekumbuka, na katika nyumba ile anayekumbuka nilikuwa mimi. Niliiona asubuhi ile masale yalipolala chini na mama alipokaa juu ya jiwe bila kusema. Kwa hiyo nilichukua lile jani kwenye kikombe nikasema, "Shangazi, mimi nakumbuka, na kwa niaba ya nyumba hii tumepokea." Je, naweza kusamehe kwa niaba ya mtu mwingine? Kwa kawaida nafundisha kwamba hapana. Siku ile sikuona njia nyingine, na jani liko hadi leo, lilitoa mizizi nikalipanda mpakani.

Mdogo wangu wa mwisho anataka apimwe jeni ajue kama yeye ndiye anayefuata. Nimemwambia kwamba kwa kusahau kwa uzeeni kama kwa mama, kipimo kitampa wasiwasi wa asilimia, hakitampa jibu. Na madaktari kwa kawaida hawashauri mtu asiye na dalili apimwe hivyo. Nimemsimulia pia jambo jingine la Kolombia ambalo nalipenda kuliko yote. Walipoanza kujaribu dawa ya kuzuia ugonjwa, mwaka 2013, walihitaji watu waliobeba lile kosa la jeni. Lakini kama wangewaita hao tu, kila aliyeitwa angejua hukumu yake, na jirani zake wangejua. Kwa hiyo waliwaita na wasio nalo. Watu 252 walidungwa sindano kwa miaka, na 83 kati yao hawakuwa na kosa lolote. Sindano zao hazikuwa na dawa. Hakuna aliyeambiwa yuko kundi lipi. Kila mmoja alikubali akijua kwamba huenda anajitesa bure, ili ndugu yake asionekane. Mwaka 2022 majibu yalitoka, na dawa haikufaulu kama walivyotumaini. Lakini lile la kujificha pamoja lilifaulu. Usharika ungeweza kufanya hivyo kwa wazee wake. Mama akisimama mara ya pili, benchi zima lingeweza kusimama naye.

Mimi mwenyewe sitapimwa. Nimefika miaka 58 na funguo nazitafuta kila siku. Ila nimeandika karatasi, nimempa mchungaji na watoto wangu, inayosema: siku nitakapoacha kuwajua, nipelekeni mezani. Nikikataa, msinilazimishe. Nikitaka mara mbili, nipeni mara mbili.

Mzee wa kanisa hatukumaliza mjadala wetu, ila aliacha kunipinga. Mwezi wa saba mchungaji wetu alikuja nyumbani na vyombo vya Chakula cha Bwana, na mzee yule alikuja naye, amebeba kikombe. Tulikuwa saba sebuleni. Tuliimba, na mama akashika sauti ya pili. Mchungaji alipomsogelea na mkate, mama alikinga mikono, kisha akairudisha kifuani akatutazama mmoja mmoja, kama alivyokuwa akitutazama tukiwa watoto jioni ugali ukiwa jikoni.

"Hawa wamekula?" akauliza.

"Bado, mama," mchungaji akasema. "Tunaanza na wewe."

Mama akatikisa kichwa. Akamwonyesha mzee wa kanisa kwa kidole. "Mpe yule kwanza," akasema. "Ametoka mbali."